Rumba ya Zamani Kisangani: Kinachotamaniwa ni Nini?

Katika mji wa Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, muziki wa dansi uliorekodiwa kati ya miaka ya 1950 na 1980 bado una wasikilizaji wengi, na sehemu yao kubwa walizaliwa wakati orkestra zilizoupiga zilikuwa zimeshavunjika. Nyimbo za African Jazz, OK Jazz na African Fiesta husikika katika nganda, yaani baa ndogo za mitaani zinazouza bia na samaki. Husikika harusini, na husikika pia katika matanga, ambako jamaa na majirani hukesha pamoja na wafiwa. Wazee huzikumbuka kwa sababu walizicheza. Vijana hubeba nyimbo hizohizo katika simu zao, huzinakili kutoka kadi moja ya kumbukumbu hadi nyingine, na huzungumza juu ya enzi ambayo hawakuiona kana kwamba wamefukuzwa kutoka humo.

Hali hii ya kuutamani wakati uliopita kupitia sauti zake, ambayo katika makala haya inaitwa shauku ya zamani, hudhaniwa kuwa ni udhaifu wa wazee wasiotaka kukubali mabadiliko. Ikichunguzwa kwa karibu, hata hivyo, inaonekana kuhusu sasa zaidi kuliko inavyohusu zamani. Miaka inayosifiwa haikuwa miaka ya raha mjini Kisangani, na baadhi yake ilikuwa ya damu; lakini anayeisifu hupima, kwa kipimo cha rumba, mambo ambayo mji wake uliwahi kuwa nayo, na mengine ambayo uliahidiwa ukayakosa. Ili kuielewa shauku hiyo ni lazima kwanza kujua muziki wenyewe ulifikaje, ulichezwa katika mazingira gani, na ulikuja kunyamaza kwa sababu zipi.

Mto, ngoma na santuri

Mji wa Kisangani, ulioitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, uko mahali ambapo Mto Kongo, baada ya kuteremka kwenye maporomoko ya Boyoma, hutulia na kupitika kwa meli hadi Kinshasa, umbali wa kilomita 1,700 hivi. Kwa hiyo ulikuwa bandari ya mwisho kwa meli zilizopanda kutoka Léopoldville, ambayo ndiyo Kinshasa ya leo, na pia mwanzo wa reli fupi ya kwenda Ubundu iliyojengwa ili kuyakwepa maporomoko. Upande wa mashariki, njia za wafanyabiashara wa Pwani, ambao mashuhuri wao, Tippu Tip, aliteuliwa mwaka 1887 kuwa gavana wa eneo la maporomoko, zilikuwa zimekwisha kuleta Kiswahili. Upande wa magharibi, mto ulileta Lingala, lugha ya askari, ya mabaharia na baadaye ya nyimbo. Wakazi wa mji huu walizoea tangu zamani kuishi kwa lugha mbili na kupokea habari kutoka pande mbili.

Walizoea pia kupokea habari kwa sauti za ala. Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa kandokando ya mto chini ya mji, walikuwa na lokole, ngoma ya gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba, ambayo midomo yake miwili hutoa sauti ya juu na sauti ya chini. Kwa kuwa lugha yao hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, mpigaji aliweza kuiga mpando huo na kupeleka ujumbe kijiji kingine, akirefusha kila neno kwa maelezo ya ziada ili lisichanganywe na jingine lenye mpando uleule. Mmisionari John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Stanleyville na kujifunza kupiga ngoma hizo, aliuchapisha uchunguzi wake mwaka 1949, wakati ambapo sauti za aina nyingine zilikuwa zimeanza kupanda mto: sauti za gramafoni.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Uingereza ya His Master's Voice ilitoa mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, ambao ulikuwa na nyimbo nyingi za Kuba, hasa za mtindo wa son, na kuuzwa katika miji ya Afrika. Nyimbo hizo ziliwaingia Wakongo bila shida, kwa kuwa watu waliochukuliwa utumwani kutoka bonde la Kongo walikuwa miongoni mwa walioujenga muziki wa Kuba, na kilichovuka bahari kwa minyororo kilirudi kikiwa kimechapwa kwenye sahani nyeusi. Wapiga gitaa wa Léopoldville walichukua sehemu zilizopigwa kwa piano au tarumbeta wakazihamishia kwenye nyuzi, wakatia maneno ya Lingala, na kile kilichouzwa kwa jina la rumba kikawa muziki wa Kongo.

Biashara ya muziki huo ilianzishwa na wafanyabiashara wageni wenye maduka. Mgiriki Nicolas Jeronimidis alifungua studio ya Ngoma mwaka 1948. Ndugu wawili wa ukoo wa Papadimitriou walifungua Loningisa mwaka 1950. Opika ilianza katika miaka hiyohiyo, na Esengo ya Dino Antonopoulos ikafuata kabla ya muongo kwisha. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo kila upande wake ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi, zilisafiri kwa meli na kwa reli hadi miji ya ndani, na Stanleyville ukawa soko ambako kila wimbo uliopendwa Léopoldville ulitarajiwa.

Mtu anayeunganisha vizuri zaidi mto na santuri ni Antoine Wendo Kolosoy, aliyezaliwa Mushie mwaka 1925. Katika miaka ya 1940 alifanya kazi ya ufundi kwenye meli za mtoni, na gitaa lake lilimfuata bandarini. Mwaka 1948, pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, alirekodi Ngoma wimbo «Marie-Louise», uliovuma kiasi kwamba watu walidai ukipigwa usiku wa manane huwaamsha wafu. Inasimuliwa kwamba mapadri walikasirika, kwamba Wendo alilazimika kuondoka Léopoldville kwa muda, na kwamba alishikwa na kufungwa kwa kipindi kifupi Stanleyville. Bowane naye anahesabiwa miongoni mwa walioipa rumba sebene, yaani sehemu ya wimbo ambapo uimbaji hukoma, magitaa huanza kujibizana kwa mizunguko mifupi inayorudiwa, na wachezaji hupata uwanja. Hadi leo mtu wa Kongo akitaka kusema «zamani sana» husema «enzi za akina Wendo», hata kama anazungumzia jambo lisilohusu muziki hata kidogo.

Dansi chini ya amri

Mji ulioupokea muziki huo ulikuwa umegawanywa. Mtaa wa Wazungu ulitengwa na mitaa ya Waafrika, na usiku Mwafrika alihitaji kibali ili aonekane upande usio wake. Katika miaka ya 1952 na 1953, watafiti walioshirikiana na UNESCO waliuchunguza mji wa Stanleyville ili kuelewa jinsi viwanda na kazi za mshahara zinavyobadilisha maisha ya Waafrika, na mmoja wao, Valdo Pons, alichapisha mwaka 1969 kitabu kizima juu ya mji huo. Picha inayopatikana ni ya watu waliotoka makabila mengi, waliokaa nyua moja, waliojifunza kujitambulisha kwa kazi, kwa elimu na kwa mwenendo wa mjini pamoja na ukoo. Katika mazingira kama hayo baa na dansi zilikuwa mahali pa kufahamiana: mtu aliyetoka msituni juzi alijifunza pale namna ya kusalimia, kuvaa na kumwalika mwanamke asiye wa kabila lake.

Kulikuwa pia na tabaka la évolués, jina ambalo utawala wa Ubelgiji uliwapa Waafrika wenye elimu waliohesabiwa kuwa «wamestaarabika». Baadhi yao waliomba hadhi rasmi iliyoitwa immatriculation, na kabla ya kuipata walichunguzwa maisha yao, hata nyumba zao zikakaguliwa jinsi zilivyopangwa. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta mjini Stanleyville na mwandishi katika magazeti, alikubaliwa mwaka 1954. Suti iliyopigwa pasi, viatu vinavyong'aa, gramafoni sebuleni na hatua za bolero zilizopimwa ambazo leo vijana huzisifu katika picha za rangi nyeusi na nyeupe zilizaliwa katika hali hiyo. Zilikuwa pambo, lakini zilikuwa pia jibu la watu waliopimwa kila siku na waliotaka kuonyesha kwamba kipimo hicho hakiwatoshi.

Muziki nao ulikuwa ukibadilika kwa kasi. Mwaka 1953 mpiga gitaa wa jazi kutoka Ubelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville kuanzisha studio ya CEFA, akaja na gitaa la umeme ambalo vijana walilishika upesi. Mwaka huohuo Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, aliunda African Jazz, ambamo gitaa la Nicolas Kasanda, maarufu kwa jina la Docteur Nico, lilipata umaarufu wake. Na tarehe 6 Juni 1956 vijana kadhaa, akiwamo François Luambo, yaani Franco, walianzisha OK Jazz. Shule mbili za rumba zikawa zimepatikana: ya Kabasele iliyopenda sauti laini na mpangilio wa kimataifa, na ya Franco iliyobaki karibu na mtaa, na magomvi yake, na vichekesho vyake.

Uhuru na ahadi zake

Stanleyville una sehemu yake katika wimbo ambao pengine ndio mashuhuri kuliko yote ya wakati huo. Mwishoni mwa Oktoba 1959 chama cha Lumumba, Mouvement National Congolais, kilifanya mkutano mjini humo. Ghasia zikatokea, watu wakauawa, na Lumumba akatiwa gerezani. Viongozi wengine wa Kongo walipokutana na serikali ya Ubelgiji mjini Brussels Januari 1960, katika kikao kilichoitwa Meza ya Duara, walidai aachiliwe, na akaachiliwa ili ahudhurie. Kabasele alikuwa Brussels pamoja na African Jazz na baadhi ya wanamuziki wa OK Jazz, na huko ndiko «Indépendance Cha Cha» ulipotungwa kushangilia tarehe ya uhuru iliyokuwa imekubaliwa, 30 Juni 1960. Redio ziliueneza mbali kupita mipaka ya Kongo, nao ukawa wimbo wa uhuru katika nchi ambazo watu wake hawakujua maneno ya Lingala.

Miaka iliyofuata inaonyesha kwa nini kalenda ya shauku na kalenda ya historia haziendi pamoja. Lumumba aliuawa Januari 1961. Jean-Pierre Finant, aliyekuwa rais wa serikali ya Jimbo la Mashariki na mfuasi wake, aliuawa Bakwanga mwezi uliofuata. Agosti 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji wa Stanleyville, wakautawala hadi tarehe 24 Novemba, siku ambayo askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka, na katika miezi hiyo, na katika kisasi kilichofuata, maelfu ya Wakongo walikufa mjini na katika vijiji vya jirani. Mwaka 1966 na tena 1967 wanajeshi na mamluki waliasi humohumo. Ni katika miaka hiyohiyo, kuanzia mwaka 1963, ambapo Docteur Nico na Tabu Ley Rochereau, baada ya kutoka African Jazz, walirekodi na African Fiesta nyimbo ambazo wapenzi wa rumba wa leo huziweka juu ya zote. Anayesema mjini Kisangani kwamba miaka ya 1960 ilikuwa mitamu anasema kweli juu ya magitaa. Juu ya mji, anachagua cha kukumbuka.

Maisha ya Abeti Masikini yanabeba mambo hayo mawili kwa pamoja. Alizaliwa Stanleyville mwaka 1954, akiwa binti wa Finant huyohuyo, akamkosa baba angali mtoto. Mwaka 1973 aliimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris na mwaka 1974 katika Carnegie Hall mjini New York, akafungua njia kwa waimbaji wanawake wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waliomfuata, hadi alipofariki mwaka 1994. Koffi Olomide pia alizaliwa mjini humo, mwaka 1956. Wote wawili walijenga majina yao mbali na mji walikozaliwa, na jambo hilo lina sababu: studio, wachapaji wa santuri na vituo vikuu vya redio vilikuwa Kinshasa, na msanii wa Kisangani aliyetaka kusikika hakuwa na budi kuufuata mto kwenda chini.

Jinsi orkestra zilivyonyamaza

Anayezisikiliza nyimbo hizo leo husifu kwanza utaratibu wake. Wimbo wa kawaida wa orkestra kubwa ulikuwa na magitaa yaliyogawana kazi: moja lilishika mwendo, jingine liliongoza na kupamba, na baadaye la tatu, mi-solo, likaingia kati yao kuziba mapengo; saksafoni na tarumbeta zilijibu waimbaji, ambao mara nyingi waliimba wawili au watatu kwa sauti zilizopishana kidogo. Santuri ya mizunguko 45 iliporithi ile ya 78, wimbo uliweza kukatwa mara mbili: upande mmoja ukabeba hadithi, wa pili ukabeba sebene. Msikilizaji alipewa nafasi ya kufuata kisa hadi mwisho kabla hajainuka kucheza.

Kundi la Zaiko Langa Langa, lililoanzishwa Desemba 1969 na vijana wa shule, lilipunguza kazi ya tarumbeta na saksafoni na kuipanua sebene, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 likamleta jukwaani atalaku, yaani mpiga kelele za mahadhi anayewahimiza wachezaji kwa maneno mafupi. Mabadiliko hayo yalizaa ndombolo na mitindo mingine ambayo vijana wa wakati huo waliipenda kama baba zao walivyoipenda rumba. Sambamba nayo, hali ya uchumi iliziua orkestra. Amri ya tarehe 30 Novemba 1973, iliyohamisha maduka na mashamba ya wageni kwa raia wa Zaire, iliuvuruga mtandao wa biashara ambao ndio uliosambaza bidhaa, santuri zikiwamo; fedha ya nchi ikaporomoka; kanda za kaseti zilizonakiliwa bila idhini zikachukua nafasi ya santuri; na kuilisha orkestra kama OK Jazz, iliyokuwa na wanamuziki zaidi ya 30, kukawa mzigo usiobebeka. Franco alifariki Oktoba 1989, na miaka michache baadaye orkestra yake ikavunjika.

Mjini Kisangani kunyamaza huko kuliambatana na kudhoofika kwa mambo mengine. Kiwanda cha nguo cha Sotexki, kilichotoa ajira na vitenge, kilipungua nguvu. Kituo cha umeme cha Mto Tshopo, kilichojengwa katika miaka ya 1950, kilishindwa kuutosheleza mji uliokua. Meli za abiria zikawa adimu na barabara zikamezwa na msitu. Kisha zikaja vita. Majeshi ya kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila yaliingia Machi 1997, na baada ya mwaka 1998 mji ukawa chini ya waasi na majeshi ya Rwanda na Uganda, ambayo yalipigana yenyewe kwa yenyewe humo mwaka 1999 na mwezi Mei 2000, halafu tena kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, siku sita ambazo mabomu yaliangukia mitaa ya raia na kuua mamia ya watu.

Vijana na nyimbo za babu zao

Wanasaikolojia wameonyesha kwamba mtu mzima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyompata kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, na muziki wa kipindi hicho humkaa moyoni kuliko wa kipindi kingine. Hilo laeleza shauku ya wazee. Kuhusu vijana, Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani na mwenzake Justin Zupnick walichapisha mwaka 2013 utafiti uliogundua kwamba vijana wenye miaka 20 hivi walikuwa na kumbukumbu na hisia maalumu kwa nyimbo za ujana wa wazazi wao, na kwa kiasi fulani hata za kizazi kilichotangulia. Muziki unaosikika nyumbani mtoto akiwa mdogo humrithisha kumbukumbu ambazo kwa asili ni za mwingine.

Mjini Kisangani urithi huo una uzito wa pekee. Aliyezaliwa karibu na mwaka 1990 alikulia katika miaka ambayo wazazi hawakuwa na mengi ya kusimulia kwa furaha, hivyo waliposimulia kwa furaha waliruka nyuma, na wimbo ndio uliowarusha. Pamoja na wimbo walitaja meli iliyofika siku iliyotangazwa, mshahara uliolipwa mwisho wa mwezi, taa za barabarani, na kurudi usiku kutoka dansini bila kuogopa risasi. Kijana akapokea sauti na mji kwa pamoja, na hana njia ya kuvitenganisha. Ndiyo maana mazungumzo juu ya Docteur Nico kwenye meza ya nganda huishia upesi kwenye umeme na barabara.

Lawama dhidi ya muziki wa sasa huifuata njia hiyohiyo. Inayorudiwa zaidi inahusu libanga, yaani desturi ya kutaja ndani ya wimbo majina ya wafanyabiashara, wanasiasa na marafiki waliolipia kutajwa. Bob White, mwanaanthropolojia aliyeandika mwaka 2008 kitabu juu ya muziki wa Kinshasa wakati wa utawala wa Rais Mobutu, ameieleza desturi hiyo kuwa sehemu ya siasa ya ufadhili: pale ambapo mauzo ya muziki hayamlishi mwanamuziki, mwenye fedha hununua sifa. Anayelalamika kwamba nyimbo mpya zimejaa majina huwa analalamika, bila kusema hivyo, kwamba ametawaliwa na watu wanaoweza kununua kila kitu, hata nafasi ndani ya wimbo wa mapenzi.

Malalamiko hayo, hata hivyo, huisafisha zamani kupita kiasi. Mwaka 1984 Franco alirekodi wimbo mrefu wa kumnadi Mobutu, mgombea pekee wa urais mwaka huo, na miaka yote ya sera yake ya «uhalisi», iliyobadilisha majina ya watu na ya nchi, orkestra zilitarajiwa kuimba sifa za chama tawala. Wanawake nao, waliojaa ndani ya nyimbo wakisifiwa kwa uzuri au wakilaumiwa kwa tamaa, walipewa maikrofoni mara chache kabla ya kizazi cha Abeti. Tena, bendi za miji ya ndani ambazo hazikufika Kinshasa hazikuacha santuri, hivyo shauku ya leo, hata mjini Kisangani, inatamani hasa usiku wa Kinshasa.

Mwandishi Svetlana Boym, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2001, alitofautisha shauku za zamani za namna mbili: moja inayotaka kuijenga upya zamani kama ilivyodhaniwa kuwa, na nyingine inayoitazama zamani huku ikikubali kwamba haitarudi na kwamba ilikuwa na nyufa. Zote mbili zimo katika wasikilizaji wa rumba. Ya kwanza huwaambia vijana kwamba hawajui muziki. Ya pili humwezesha mtu kuuliza kwa nini sauti nzuri namna ile zilitoka katika nyakati ngumu namna ile.

Mashariki na kwingineko

Kisangani si peke yake katika hali hii. Tanzania huita nyimbo za namna hiyo zilipendwa, Kenya zilizopendwa, na muziki wa dansi wa Salum Abdallah, Mbaraka Mwinshehe au DDC Mlimani Park husikilizwa kwa moyo uleule. Uhusiano ni wa damu: Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, juu ya mto kutoka Kisangani, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy na akawa sauti ya wanyonge wa Tanzania hadi kifo chake mwaka 2010, Orchestra Maquis du Zaïre ilihamia Dar es Salaam, na Les Mangelepa ilizaliwa Nairobi mwaka 1976. Wanamuziki hao walihamishia sebene katika Kiswahili. Kwa msikilizaji wa Kisangani, ambaye lugha zote mbili ni zake, zilipendwa za mashariki ni kumbukumbu ya tawi lililokwenda kuchanua ugenini.

Ulaya nako shauku hiyo ilipata soko. Mwaka 2000 wakongwe kadhaa waliokuwa Paris waliunda Kekele, wakarudi kwenye rumba ya taratibu ya magitaa yasiyo ya umeme, na santuri yao ya kwanza, «Rumba Congo», ikatoka mwaka uliofuata. Wendo mwenyewe, aliyekuwa amesahauliwa kwa miaka mingi, alirudi jukwaani mwishoni mwa miaka ya 1990, akafanyiwa filamu na Jacques Sarasin, kisha akafariki Kinshasa Julai 2008. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo, kwa ombi la pamoja la Kongo ya Kinshasa na Kongo ya Brazzaville, katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika. Heshima hiyo ilipokewa kwa shangwe, lakini orodha haitunzi santuri, haimlipi mjane wa mtunzi, na haikusanyi kumbukumbu za bendi zilizopiga mitaa ya Mangobo, Kabondo au Lubunga kabla wazee waliozisikia hawajaisha.

Kinyume cha kutunza kwa kuganda kinapatikana mjini Kisangani kwenyewe. Faustin Linyekula, mcheza dansi na mtunzi wa michezo ya jukwaani aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, aliihamishia Studios Kabako, taasisi yake, mjini humo mwaka 2006, wakati wasanii wengi walikuwa wakienda upande mwingine. Mwaka 2009 aliandaa «more more more… future» pamoja na mpiga gitaa Flamme Kapaya, mwana wa Kisangani aliyejulikana katika kundi la mwimbaji Werrason. Kazi hiyo ilichukua ndombolo, muziki ambao wapenzi wa zilipendwa huulaumu kuliko wowote, ikaunganisha na maandishi ya Antoine Vumilia Muhindo, aliyekuwa mfungwa wa kisiasa, ili kuuliza wakati ujao wa nchi utapatikana wapi.

Hapo ndipo shauku ya rumba ya zamani hupata kipimo chake cha haki. Kabasele, Wendo na Docteur Nico hawakujulikana kwa kuhifadhi. Walichukua santuri za Kuba, gitaa la Mbelgiji, duka la Mgiriki na lugha ya mabaharia, wakavifanya viseme mambo ya siku yao, mara nyingi wakiwaudhi wazee wa wakati huo na mapadri wao. Anayezipiga nyimbo zao usiku kucha amerithi sauti yao, na urithi huo ni wa thamani. Lakini ujasiri uliozizaa hauchezwi tena kwa kubonyeza kitufe, na mji unaotaka kuurithi hauna budi kuwapa vijana wake wa leo umeme, ala na mahali pa kupigia, kisha kuvumilia kusikia kitu ambacho bado hakijapendwa.